Mifuko ya Bunduki Zisizokuwapo

Mirdif, Dubai
8 Machi 2015

Dada yangu mheshimiwa Mahfudha binti Badawi,

Ninatanguliza salamu zilizo kamili, na dua kwamba waraka huu ukukute katika uzima, wewe na binti yako Najla, pamoja na Mjomba Famau, ambaye ninamshika miguu nikiwa mbali kwa heshima ileile aliyonilea nayo. Mimi sijambo. Majukumu yanaongezeka kila mwezi, na hali ya hewa ya huku bado ina ubaridi unaomfaa mtu mwenye kazi ya kufikiri. Nimefurahi kusikia kwamba Najla amekuwa wa tatu darasani. Mwambie nafasi ya tatu ni mwanzo mzuri, lakini ni mwanzo tu.

Sasa kiini cha waraka. Mjomba aliniomba vifuko vigumu vya turubai ambavyo mafundi umeme na wagema wanaweza kuvivaa mishipini. Kampuni ninayoitumikia hununua vifaa vilivyotumiwa na majeshi ya Ulaya, na nimemchagulia vilivyo bora. Marobota manne yataingia Mombasa mwezi ujao. Hati za forodha zimeandikwa kwa ufupi wa kusikitisha, "mikoba na nguo zilizotumika," maneno ambayo hayakistahili kitu chenyewe wala mtu aliyekichagua. Kwa hiyo nimeambatanisha orodha yangu binafsi. Nimepanga kila kifuko chini ya silaha ambayo kilishonewa, kwani mfuko wa askari usiojulikana bunduki yake ni tambara tu.

ORODHA YA VIFUKO NA ALA ZA ASKARI WA MIGUU WA MAJESHI YA ULAYA

Bunduki G3, Ujerumani, magazini ya risasi ishirini: 60
Bunduki FAL, Ubelgiji, magazini ya risasi ishirini: 24
Bunduki FAMAS, Ufaransa, magazini ya risasi ishirini na tano: 30
Bombomu MG3, Ujerumani, mtutu wa akiba: 4
Singe za aina mbalimbali: 18

Magazini, ikiwa Mjomba atapenda kuwaeleza wateja, ni kasha dogo la risasi linalochomekwa chini ya bunduki. Vifuko ni vitupu na nimevikagua mwenyewe.

Ninabaki mdogo wako mtiifu,

Adib Badawi
Shahada ya Uhusiano wa Kimataifa, Daraja la Kwanza
Mkuu wa Uainishaji wa Zana za Kijeshi, Kanda ya Ghuba


Malindi
3 Mei 2015

Adib mdogo wangu,

Sisi tu hai, na hilo nalishukuru kabla ya jingine lolote. Najla alishikwa na homa, imemtoka. Kisima cha nyuma kimerudi kutoa maji. Mjomba hayupo nyumbani.

Marobota yalifika. Mjomba hajapata kufurahi vile tangu siku uliyohitimu. Orodha yako aliisoma kwa kila aliyeingia dukani, kisha akaipeleka kutiwa karatasi ya plastiki, akaipigilia ukutani juu ya cherehani, pale anapotundika leseni. Mafundi umeme walivigombania vifuko. Wagema walichukua ala za singe kwa visu vyao.

Jumanne iliyopita aliingia askari mmoja kushonewa mkanda wa begi. Mimi nilikuwa ndani nakata turubai la harusi, nasikia kila neno. Akasimama kusoma ukuta.

"Mzee, hii G3 sitini ni nini?"

"Mifuko yake hiyo, mwanangu. Arubaini imekwisha kununuliwa."

"Na aliyenunua mfuko wa G3 anatia nini ndani?"

"Plaisi. Bisibisi. Wengine tumbaku."

"Nani anakuletea?"

"Mpwa wangu. Ni mkubwa wa zana za kijeshi huko Dubai. Si umeona hapo chini alivyotia sahihi?"

Askari akalipia mkanda wake, akasema ahsante. Alasiri wakaja saba na gari. Walimkuta anatia uzi kwenye sindano. Walichukua vifuko vilivyobaki, orodha, kitabu cha wateja, na simu zetu zote, yangu pia, ndiyo maana nakuandikia. Na ujue, mtaalamu: aliyemshika Mjomba mkono alikuwa na hiyo G3 yenyewe begani.

Wanachouliza ni kimoja. Vifuko hivi ni hivi, bunduki zake ziko wapi, na huyu mkuu wa zana Dubai ni nani, anamwuzia nani. Unajua mji ulivyo tangu mashambulizi ya mwaka jana. Mtu haulizwi mara mbili. Mjomba wakimwuliza kazi yako hujibu neno moja tu: "Mwulizeni mwenyewe." Mahakama imewapa siku thelathini za kumshikilia.

Tumepata wakili, mama mmoja aitwaye Edna, msema kweli. Anasema jambo hili ni la asubuhi moja. Uandike kiapo mbele ya afisa wa ubalozi wetu huko: kazi yako ni ipi, vifuko umevipata wapi, na kwamba bunduki hazipo wala hazikuwapo. Uambatanishe barua ya mwajiri yenye cheo chako. Jirani yetu Khairunisa anakuja huko Jumamosi kununua mabuibui. Atakupa barua hii mkononi na atarudi na jibu.

Usiandike mengi. Andika hayo tu.

Mahfudha


Mirdif, Dubai
12 Mei 2015

Dada Mahfudha,

Nimepokea habari zako kwa uchungu ambao adabu inanikataza kuueleza. Nimefurahi kwamba Najla amepona. Mimi ni mzima, ingawa kwa bahati mbaya Khairunisa hakunikuta ofisini, kwani nilikuwa katika kikao kisichoweza kuahirishwa. Barua yako nimeipata kwa Joha, dada wa Kitanga anayetunza nyumba hii ya Mirdif, na jibu nimemwachia yeye.

Nimekasirika, Dada, na hasira yangu ni hasira ya msomi. Mtu aliyepewa dola na bunduki hajui tofauti ya silaha na kitambaa kilichoibeba. Kifuko cha magazini si silaha, kama ala isivyokuwa kisu. Na lau wangekuwa na chembe ya maarifa, orodha yangu ingekuwa ushahidi wa kumtoa Mjomba, si wa kumfunga. Magazini ya G3 haiingii katika FAL, wala ya FAL haiingii katika FAMAS, ambayo hata risasi zake ni ndogo zaidi. Ni jeshi gani la wahuni litakalojipanga kwa vifuko vya mataifa matatu yasiyoazimana magazini? Mwenye kununua hivyo ni fundi umeme tu.

Sikuona busara kuliacha jambo zito kama hili mikononi mwa wakili wa mitaani. Nimemwandikia mkuu wa kituo moja kwa moja. Ni kurasa nane, zimekwenda kwa wasafirishaji wa haraka, zitafika kabla ya barua hii. Nimemweleza historia ya bunduki za askari wa miguu wa Ulaya tangu mwaka 1950, tofauti za vifuko vyao, bizimu zao na rangi zao, na nimehitimisha kwa kumshauri aombe radhi. Nimetia sahihi kwa cheo changu kamili ili ajue anazungumza na nani.

Kuhusu barua ya mwajiri, hilo haliwezekani. Kampuni yetu inalinda siri za kibiashara, na mtu wa daraja langu hawezi kuomba karatasi kama karani. Baada ya kurasa zangu, naamini haitahitajika.

Mfikishie Mjomba heshima zangu.

Adib Badawi
Mkuu wa Uainishaji


Malindi
27 Mei 2015

Adib,

Salamu zimo moyoni. Mkononi leo hazitoki. Najla hajambo. Ameacha kwenda chuo cha jioni kwa sababu wenzake humwuliza babu yake ameficha wapi bombomu.

Kurasa zako nane zilifika. Mkuu wa kituo hakuomba radhi. Alizipeleka mahakamani. Mwendesha mashtaka alizisoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayekula tende: uzito wa G3, urefu wa FAMAS, bombomu linapiga risasi ngapi kwa dakika. Alipofika kwenye sahihi yako akainua uso. "Mheshimiwa, huyu ndiye tunayeambiwa ni mtuma mikoba." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Ameongeza siku thelathini, na Mjomba amepelekwa rumande Mombasa. Wakili Edna alitoka nje, akaegemea ukuta, akaniuliza: "Ndugu yako anamchukia mzee huyu?" Nikamwambia hapana, anampenda. Akasema, "Basi afadhali angemchukia, angekaa kimya."

Sasa nikuambie la Khairunisa, kwa kuwa wewe hukuniambia.

Alikwenda Mirdif kwa teksi, akagonga mlango wa villa yako. Akatoka Joha na mtoto wa madam mgongoni. Khairunisa akamwambia nimemletea Adib barua. Joha akasema, "Kaka Adib hakai hapa, mama. Barua zake ndizo zinazokaa." Akamwonyesha droo ya jikoni unamowekewa. Villa ni ya madam wake. Wewe unakaa Muhaisnah, chumba cha watu wanane, na basi la kampuni hukuchukueni alfajiri.

Khairunisa akamwachia Joha barua, lakini hakuridhika. Akaenda ghalani. Akakuona juu ya lundo la mashanta, umefunga tambara usoni, unatupa mabegi huku na huku. Kijana mmoja wa Kitanzania akakuita, "Profesa, una mgeni." Ukamtazama Khairunisa machoni, mtu aliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo, ukageuka ukashuka upande wa pili. Alikungoja saa nzima juani. Hicho ndicho kikao chako.

Sikuandikii ili nikucheke. Kazi ya ghala ni kazi. Baba yetu alipakia magunia bandarini mpaka akafa, na hakuna aliyezika mtu mdogo siku ile. Lakini Mjomba amelala sakafuni kwa sababu ya Mkuu wa Uainishaji, na Mkuu wa Uainishaji hayupo. Hayupo kama zile bunduki. Polisi wanamtafuta mtu wasiyeweza kumpata, na ni wewe pekee unayeweza kuwaambia kwamba hakuzaliwa.

Kiapo, Adib. Na barua ya mwajiri, yenye kazi yako ya kweli.

Mahfudha


Dubai
4 Juni 2015

Dada,

Habari za uzima uzichukulie kuwa zimesemwa.

Umeniandikia kama hakimu wa pili, nami nitajibu kama mshtakiwa, kwa kuwa ndivyo unavyotaka. Ndiyo. Ninachambua mabegi. Robota la Wajerumani likikatwa mkanda, mimi na mwenzangu Linus, mtu wa Moshi, tunatenga mashanta na mashanta, mishipi na mishipi, bati za chakula na bati za chakula. Kuna siku tunakuta barua mfukoni, mswaki, picha ya mbwa. Saa sita tunakula juu ya hayohayo marobota. Wenzangu hulala. Mimi husoma vibandiko. Kila kifuko kina kibandiko kilichoshonwa kwa ndani, chenye nchi, mwaka na namba ya ghala la jeshi, na kwa miaka miwili nimevisoma na kuvilinganisha mpaka nikajua majeshi ya Ulaya kuliko wanavyojijua. Kila nilichoandika katika zile kurasa nane ni kweli. Hakuna kosa hata moja. Ndiyo elimu pekee niliyopewa nafasi ya kuitumia katika nchi hii, na mmeitupa miguuni mwa mwendesha mashtaka akaichekea.

Na mimi nina swali. Nani alimtaka Mkuu wa Uainishaji? Nilipohitimu, Mjomba alichinja mbuzi wawili, akasimama baada ya sala ya Ijumaa akawaambia watu kwamba nyumba ya Badawi sasa itawakilishwa mbele ya mataifa. Niliomba kazi sabini na moja kwa maandishi. Hakuna aliyenijibu hata kwa kunikataa. Nilipofika huku mliuliza katika barua ya kwanza, kabla ya kuniuliza kama nimekula: cheo gani? Niliwaandikia "uainishaji," na neno hilo halikuwa uongo, kwani kuchambua ni kuainisha. Nyinyi ndio mlioandika "hongera mkuu." Mimi nilipokea tu.

Sasa mnataka niape kwa maandishi kwamba mimi ni mbeba mizigo, isomwe mbele ya mji mzima, mbele ya Nassir, aliyekuwa akinakili madaftari yangu na leo anaendeshwa na dereva wa serikali. Mbele ya walimu wangu. Karatasi ya mahakama haifi, Dada. Nitakapoomba kazi kokote, itanitangulia.

Mjomba hana kosa, na asiye na kosa hutoka. Wakili mmemweka wa nini? Tafuteni njia nyingine.

Adib


Malindi
9 Juni 2015

Adib,

Hakuna njia nyingine. Tumezitafuta.

Nimetoka Mombasa leo. Wageni wanafunguliwa mlango mara mbili kwa wiki, nasi tunapanga foleni tangu alfajiri. Mguu wa Mjomba, ule wa sukari, umevimba mpaka kiatu hakiingii. Dawa nilizopeleka wiki iliyopita bado ziko mezani kwa askari wa zamu. Ramadhani inaingia, naye anasema atafunga. Nimemkataza, hakusikia.

Pale dirishani kila mara wanauliza jina, kisha wanauliza, "Wewe nani yake?" Mimi husema, "Mpwa wake." Huandika hivyo kwenye daftari, na mlango hufunguliwa. Sijaulizwa shahada. Cheo hicho na wewe unacho, Adib, umezaliwa nacho, na ndicho pekee kitakachomfungulia mtu mlango huu.

Hakimu atasikiliza tarehe ishirini na tano. Baada ya hapo anakwenda likizo mpaka Septemba.

Mahfudha


Muhaisnah, Dubai
16 Juni 2015

Dada Mahfudha,

Ninakuombea uzima, na Najla, na zaidi ya wote Mjomba. Mimi ni mzima wa mwili. Leo ninatumia anwani yangu.

Ndani ya bahasha utakuta kiapo, kimepigwa muhuri na afisa wetu wa ubalozi, na barua ya mwajiri. Nitakueleza jinsi barua hiyo ilivyopatikana, kwa sababu huenda nikafika nyumbani mapema kuliko mnavyonitarajia, na ni haki yenu kujua sababu.

Jumapili nilimwomba ruhusa msimamizi nikapanda ofisini. Prossy, binti wa Kiganda anayechapa barua, aliniuliza, "Nikuandike nani, Adib?"

Nikamwambia, "Niandike nilivyo kwenye faili."

Akalifungua faili. "Hapa unaitwa msaidizi wa ghala. Lakini wewe mwenyewe mwaka jana uliniomba nikuchapie kadi za mkuu wa sijui nini."

"Prossy, chapa."

"Nachapa, ssebo. Naogopa tu utanirudia kesho kutaka kadi nyingine."

Barua ilihitaji sahihi ya arbab, tajiri wetu Humoud. Humoud si mtu mbaya. Kila Ijumaa hutuletea mchele na nyama kwa gari lake mwenyewe. Aliuliza mahakama ya nini. Nikamweleza, na nilipofika kwenye orodha akaniomba nakala. Nilikuwa nayo. Prossy akamfasiria mstari kwa mstari. Nilimwona akibadilika rangi.

"Wewe nani alikuambia kuandika bunduki?" aliniuliza. "Mimi nauza begi. Miaka ishirini, begi. Karatasi yangu inasema begi. Wewe unaandika G3, unaandika bombomu, unapeleka polisi ya Afrika? Kesho wanafunga ghala yangu."

Nikasema nilitaka kuonyesha ubora wa bidhaa.

"Bidhaa ni begi," akasema. "Khalas."

Akatia sahihi. Kisha akamwambia Prossy aifute viza yangu. Vyote viwili kwa kalamu moja, na sikuweza kumwona ana kosa. Nilipoteremka, Linus alinipa nusu ya chapati yake, akasema, "Yalla, Profesa, robota la Wataliano hilo halijifungui." Tukafanya kazi mpaka saa kumi na moja.

Kiapo nilikiandika mara sita. Mara tano za kwanza zilikuwa na utangulizi. Afisa wa ubalozi alizikataa zote, akasema mahakama haihitaji kujua ninavyofikiri. Kilichobaki ni hiki:

"Mimi Adib Badawi ni msaidizi wa ghala la mikoba na nguo zilizotumika. Kazi yangu ni kuchambua na kufunga marobota. Sina cheo kingine chochote na sijapata kuwa nacho. Vifuko nilivyomtumia mjomba wangu Famau vilikuwa vitupu, na viliruhusiwa kuuzwa kama mikoba mikuukuu. Orodha niliiandika mimi peke yangu, bila kuagizwa na mtu, ili nionekane mkubwa kwa jamaa zangu. Kurasa nane nilizomwandikia mkuu wa kituo niliziandika kwa sababu hiyohiyo. Sijauza, sijanunua wala sijashika silaha yoyote. Bunduki aina ya G3 nimeiona kwa macho tu, mabegani mwa polisi wa Malindi."

Sentensi ya mwisho afisa alitaka kuifuta, akidhani ni dharau. Nikamwambia ni ushahidi. Akaiacha.

Dada, bado nina hasira. Ninamkasirikia yule askari, na mwendesha mashtaka, na wale sabini na mmoja wasiojibu. Lakini kila nikiipanga hasira hiyo kwa mafungu, fungu langu mimi linakuwa kubwa kuliko yote, na sijui nilibebe vipi. Msomee Mjomba kiapo hiki kabla ya mahakama kumsomea. Asiusikie ukweli huo kwanza kwa mdomo wa mgeni.

Mdogo wako,
Adib


Malindi
27 Juni 2015

Adib,

Mjomba yuko nyumbani. Nimeanza na hilo ili usisome yaliyobaki ukitetemeka. Yuko kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mto. Daktari anasema utapona lakini vidole viwili havina hisi. Najla anamsomea gazeti.

Sikuweza kumsomea kiapo kabla. Bahasha ilifika asubuhi ya siku yenyewe, wakili akakimbia nayo mahakamani. Akampa karani asome. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nassir alikuwapo, kwa kuwa ungependa kujua. Alitazama viatu vyake tangu mwanzo mpaka mwisho. Karani aliposoma "ili nionekane mkubwa kwa jamaa zangu," nilisikia watu wa nyuma wakianza kucheka, na Mjomba akasimama kizimbani bila kuambiwa, kwa mguu ule.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba isisomwe."

Hakimu akamwambia, "Mzee, karatasi hii ndiyo inayokutoa."

"Najua. Naomba isomwe kimya. Kijana ni wa watu."

Hakimu akaichukua kwa karani, akaisoma mwenyewe, kimya, mpaka mwisho. Nadhani alipofika kwenye zile G3 za mabegani midomo yake ilicheza kidogo. Kisha akamwuliza Mjomba, "Haya uliyajua?"

"Niliyajua."

"Tangu lini?"

"Tangu marobota yalipofika. Mkubwa wa ofisi hafungi robota kwa mkono wake, Mheshimiwa. Haya yote manne yalifungwa fundo langu, la kurudi mara mbili na kuficha ncha. Dunia nzima nimemfunza mtu mmoja tu."

Hakimu akaiweka karatasi mezani. "Siku hamsini na nane umeulizwa kazi ya mpwa wako. Ungesema hivyo siku ya kwanza ungelala kwako."

Mjomba akasema, "Yeye aliniandikia ni mkuu. Mimi ni nani nimwambie polisi si kweli?"

Jana baada ya futari nilimwuliza tena, sisi wawili tu, nikitaka anipe jibu la maana. Akaniambia mtu akikupa kitu chake akushikie, humpi mwingine hata akupige. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo, kwa sababu ningebaki pale ningemjibu neno ambalo sijapata kumwambia mtu mzima.

Nawe umeniandikia kwamba hasira yako huna pa kuiweka. Yangu nina pa kuiweka. Wewe ulimficha ukweli, naye akakufichia uongo, mkapeana heshima juu ya kichwa changu kama watu wanaopitishiana sinia, na chini yake nilikuwa nimesimama mimi, kwenye foleni ya rumande, na bakuli la uji wa mtu asiyetaka kutoka. Hakuna kati yenu aliyeniuliza kama naweza.

Panda ndege watakayokupandisha. Kitanda chako kipo, na kazi ipo. Cherehani haina mtu na mguu wa Mjomba hauwezi tena kukanyaga. Usije na zawadi, wala usije na maelezo. Mjomba amekwisha kukusamehe, ukimtaka atakusamehe tena. Mimi bado, na usinionyeshe kurasa nane.

Mahfudha